Maswali Yenu: Utoto wa bandari ya Uskoti kwa Kiswahili cha Unguja

Toleo lililopita tulichapisha barua fupi ya msomaji wa Mbweni kuhusu wifi yake Mskoti anayeandika kumbukumbu za utoto wake. Hatukuijibu kwa sababu nafasi ilikwisha. Tangu hapo zimeingia barua nyingine zinazogusa jambo hilohilo, kwa hiyo mwezi huu safu nzima tumewaachia wao.

Watoto wanacheka pasipochekesha

*Assalamu alaykum ndugu wahariri. Wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, alizaliwa Arbroath, Uskoti, mwaka 1952. Ameishi Unguja zaidi ya miaka thelathini na Kiswahili chake si haba. Wajukuu wamemwomba aandike utoto wake wa bandarini. Ameshafika kurasa kumi, lakini watoto wakisoma wanacheka pasipochekesha na wanapiga miayo panaponoga. Tumsaidieje?* Msomaji, Mbweni

Waalaykumu salaam, bibie. Kurasa ulizotuletea tumezisoma zote. Kiswahili cha wifi yako hakina walakini, kwa hiyo msimsahihishe ngeli mbili tatu mkadhani kazi imekwisha. Kinachowapoteza wajukuu ni kwamba maneno ni ya kwetu lakini hewa, mwanga na fedha ni za kwao, na yeye hakuwawekea vipimo vya kuwavusha.

Chukueni ile sentensi ya ukurasa wa pili: "Jioni tulicheza gatini mpaka saa nne, ndipo mama akatuita." Mtoto wa Mbweni akisoma hapo anaona giza, gati lisilo na taa na mama asiyejali wanawe. Kumbe ilikuwa Juni, na Arbroath mwezi huo jua hutua saa nne usiku na dakika chache, kisha mwanga hubaki angani muda mrefu. Desemba mambo hugeuka: jua hutoka yapata saa tatu kasorobo asubuhi na kutua kama saa tisa u nusu alasiri, mtoto anatoka skuli na giza linaingia. Kwetu tofauti baina ya mchana mrefu kuliko yote na ule mfupi kuliko yote haifiki hata saa moja, ndiyo maana "jioni" inatutosha bila maelezo. Yeye haimtoshi. Kila alipoandika asubuhi, jioni au usiku, aongeze mwezi na hali ya mwanga. Maneno manne yanatosha: "Juni, jua bado juu."

Hapohapo pana mtego wa saa. Akisimulia kwa Kiingereza na kijana akiandika kwa Kiswahili, "three o'clock" hugeuka "saa tatu" bila mtu kushituka. Pitieni kila saa iliyotajwa, moja moja, na muulizeni: jua lilikuwa wapi? Na msiisahau miaka ya 1968 hadi 1971. Kuanzia Februari 1968 mpaka Oktoba 1971 Uingereza iliacha kurudisha saa nyuma wakati wa baridi, hivyo Desemba ya miaka hiyo jua Arbroath lilichomoza karibu na saa nne kasorobo asubuhi. Wifi yako alikuwa na miaka kati ya kumi na sita na kumi na tisa. Akisema alikwenda kazini saa tatu asubuhi kwenye giza, haongezi chumvi.

Fedha nazo zina lao. Ameandika kwamba alipewa "peni sita" ya peremende, na nyinyi mkaweka mabano: "shilingi elfu moja za sasa." Futeni. Kabla ya tarehe 15 Februari 1971 pauni ya Uingereza ilikuwa shilingi 20, na shilingi moja peni 12. Shilingi ya Afrika Mashariki, iliyotumika Zanzibar tangu 1936 ilipoiondoa rupia, nayo ilikuwa 20 kwa pauni, ila ikagawanywa senti 100. Kwa maana hiyo, katika miaka ya hamsini peni sita ya mtoto wa Arbroath ilikuwa na thamani sawa na sumni ya mtoto wa Malindi. Andikeni "peni sita, yaani sumni ya wakati ule," na bibi yeyote wa Unguja atawaambia wajukuu sumni ilinunua nini.

Baridi isiandikwe "baridi kali sana" mara saba. Isemeni kwa namba moja kisha iacheni: bahari ya pwani ile, katikati ya kiangazi, hubaki nyuzi 13 au 14, yetu huchezea kati ya 25 na 30. Mtoto aliyeoga Fumba atajua mara moja kwa nini wenzake walipiga mbizi wakatoka mbio.

Kuna jambo moja la kumwambia kwa adabu, na afadhali umwambie wewe wifi yake kuliko mumewe. Ukurasa wa sita ameandika, "Nakumbuka boti ya uokozi ilivyopinduka." Boti ya uokozi ya Arbroath, Robert Lindsay, ilipinduka ikirejea bandarini tarehe 27 Oktoba 1953, katika mabaharia saba walikufa sita. Yeye alikuwa na mwaka mmoja hivi. Hasemi uongo: jambo likisimuliwa nyumbani kila Oktoba, mtoto hukua akiliona kwa macho ya waliokuwapo. Lakini kwenye maandishi liwe "nyumbani kwetu ilisimuliwa," kisha aandike alichokiona mwenyewe: nani alinyamaza likitajwa, nani alitoka chumbani. Hilo hakuna kitabu kinachoweza kumpa.

Mnara wa taa wa Bell Rock ameutaja kwa neno moja tu, na hapo ametunyima. Uko kilomita kama 18 kutoka Arbroath, sawa na mara moja na nusu ya umbali wa kisiwa cha Chumbe kutoka Mji Mkongwe. Umesimama juu ya mwamba ambao maji yakijaa unamezwa wote. Waliujenga tangu 1807 hadi 1810, wakifanya kazi mwanzoni saa chache tu za maji kupwa, na taa iliwashwa Februari 1811. Ungali unasimama. Familia za walinzi wa taa zilikaa mjini kwenye mnara wa ishara uliojengwa 1813, ambao sasa ni makumbusho. Husimuliwa kwamba mlinzi aliyekuwa zamu baharini akizaliwa mtoto, mnarani ilipandishwa suruali kama ni wa kiume, gauni kama ni wa kike. Watoto wa Unguja, ambao wamezoea habari kufika kwa simu kabla mtoto hajalia, watataka kusikia zaidi hapo.

Heringi ni dagaa?

*Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, Wete. Katika habari za bandari za Uskoti hutajwa samaki aitwaye "heringi." Wanafunzi wangu wamebishana: wengine wanasema ni dagaa, wengine simu, yule samaki mdogo. Na je, samaki aitwaye kod ni chewa? Kwa jumla mtu afanye nini na majina ya vitu ambavyo pwani yetu havipo?* Msomaji, Wete

Mwalimu, wanafunzi wamepatia nusu. Heringi ni wa ukoo mmoja na simu, lakini mkubwa wake hufika sentimita 25 hadi 30. Ukimwita dagaa, msomaji atashangaa kwa nini pipa zima linajazwa na samaki mia saba mpaka elfu moja tu. Mwiteni heringi, na mara ya kwanza semeni ni nduguye simu, urefu wa kiganja na nusu. Baada ya hapo msirudie.

Kod si chewa. Chewa wetu ni samaki wa mwambani na wa maji ya moto. Kod ni wa maji baridi na ana kidevu chenye ndevu moja. Mwacheni na jina lake. Hadoki, ambaye ndiye samaki anayesifika Arbroath, ni wa ukoo wa kod, na ana doa jeusi ubavuni nyuma ya shavu. Kwa mtoto wa Pemba hapo una bahati: mwambie ni doa kama la changu doa, na picha imekamilika.

Kanuni tunayoifuata wenyewe ni hii. Kitu kikiwa na kazi ileile kwetu, tumieni jina letu hata kama umbo si lilelile: gati, tezi (nyuma ya chombo), omo (mbele yake), nanga. Kikiwa na kazi ambayo kwetu haipo, bakizeni jina lake na mueleze kazi, si umbo. Ukungu wa bahari wanaouita *haar* ni mfano. Si moshi, si wingu, na si ukungu wa asubuhi wa bondeni unaoondoka jua likipanda. Huja hasa kati ya Aprili na Septemba, hewa ya joto inapopita juu ya Bahari ya Kaskazini iliyo baridi na unyevu wake ukagandamana. Ndiyo maana mtoto aliweza kuondoka shamba kwenye jua kali, akatembea nusu saa, akafika bandarini akakuta haoni omo ya boti iliyofungwa mbele yake. Ukieleza sababu, neno lenyewe linakaa.

Majina ya kazi za wanawake ndiyo yanayopotea haraka zaidi, na ndiyo yenye mali. Wasichana wa heringi walifanya kazi watatu watatu: wawili kupasua, mmoja kupanga pipani. Kisu kilikuwa kifupi, na vidole vilifungwa vitambaa, mara nyingi vya mifuko ya unga, kwa sababu chumvi ikiingia kwenye mkato kidonda hakifungi. Aliye hodari alipasua hadi samaki 60 kwa dakika, huku akiwachagua kwa ukubwa na kuwatupa kwenye mabeseni tofauti bila kutazama. Mpangaji aliinama ndani ya pipa, tabaka la samaki, tabaka la chumvi, matumbo juu. Siku nane hadi kumi baadaye pipa lilifunguliwa na kujazwa tena, kwa sababu chumvi ilikwisha kunyonya maji na samaki wameshuka. Asiyejua hilo akisoma "tulijaza mapipa yaleyale mara mbili" atadhani ni kosa la kuandika. Timu hizo zilifuata samaki kwa meli na treni kutoka visiwa vya Shetland mpaka Yarmouth, pwani ya mashariki ya Uingereza. Uvuvi wa heringi katika Bahari ya Kaskazini ulifungwa 1977 kwa kuwa samaki walikwisha. Lakini kazi hiyo ya wasichana, kwa mwanamke wa 1952, ni habari za bibi yake.

Vilevile kijiji cha Auchmithie, kilomita tano hivi kutoka Arbroath, ambako hapakuwa na gati, wanawake waliwabeba wanaume mgongoni mpaka kwenye boti. Wanafunzi wako watacheka, na wacheke, ila waambie sababu. Mwanamume aliyelowa miguu alfajiri alikaa na nguo za sufu zilizolowa kutwa nzima kwenye upepo wa baridi, na hapo ugonjwa haukuwa mbali. Mke alirudi nyumbani penye moto. Tena wao na watoto ndio waliochokonoa kome na kutia chambo kwenye mshipi wa ndoana zaidi ya elfu moja, kila siku ya kwenda baharini. Ndoana hupangwa kwa safu juu ya chano, na majani huwekwa kati ya safu. Ndoana moja ikivuka safu yake, mshipi wote hujifunga boti ikiwa mwendoni.

Miiko iandikwe ilivyo. Kwenye boti za pwani ile halikutajwa jina la samoni, lilisemwa "samaki mwekundu". Halikutajwa la nguruwe wala la padri. Na likimponyoka mtu, aligusa chuma. Wavuvi wa Kojani hawatahitaji kuelezwa zaidi.

Kuhusu mkesha wa mwaka mpya kwao Uskoti: mgeni wa kwanza kuvuka kizingiti baada ya saa sita usiku alitakiwa awe mwanamume mwenye nywele nyeusi, ameshika makaa ya mawe, mkate, chumvi na wiski, na meli bandarini zilipiga honi. Tumeulizwa kama wiski iondolewe kwa ajili ya watoto. Hapana. Waandikiwe kwamba ilikuwepo. Wao wanajua nyumba yao ina desturi gani.

Hadoki wa moshi: tunaweza kujaribu Nungwi?

*Tumesikia Arbroath wana samaki wa moshi anayeuzwa ghali. Sisi tunang'onda na tunakaanga, tunabanika pia. Wao wanafanyaje hasa, na sisi na pipa letu la mafuta tunaweza?* Kikundi cha akinamama, Nungwi

Mnaweza, lakini lazima mjue mnachotengeneza. Ng'onda ni samaki aliyekaushwa akae. Huyu wa Arbroath hakukaushwa: amepikwa kwa moshi wa moto wenye mvuke, ndani bado ana maji, na kwenye hali yetu ya hewa bila barafu hamalizi siku. Wengi wakikosea hapo hulaumu moshi.

Kwao hutumika hadoki peke yake. Hukatwa kichwa, hutolewa matumbo, ndani huoshwa mpaka damu ya uti wa mgongo itoke yote. Hufukiwa kwenye chumvi kavu kwa muda wa kama saa moja. Chumvi hiyo ina kazi mbili, na ladha ni ya pili. Ya kwanza ni kuvuta maji ili ngozi na nyama ya mkia zikaze. Kisha huoshwa, hufungwa wawili wawili kwa mikia na kamba ya juti, na kuning'inizwa kwenye fito mpaka uso ukauke. Samaki aliyelowa haushiki moshi. Hutoka na michirizi ya masizi.

Moto huwashwa ndani ya pipa la mbao lililozikwa nusu ardhini, kwa kuni ngumu za miti ya majani mapana. Huachwa uwake sana kwanza. Fito zikishawekwa juu hufunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa, na hapo ndipo ufundi ulipo: gunia huzuia hewa, miali ya moto hufa na kubaki moshi na joto, maji ya gunia hugeuka mvuke. Baada ya nusu saa hadi saa moja samaki ana rangi ya shaba nje na ya maziwa ndani. Upepo ukiongezeka huongezwa gunia, ukitulia hupunguzwa. Anayesimamia haondoki.

Sasa pipa lenu. Likateni nusu, lichomeni kwanza tupu mpaka rangi na mafuta yaishe kabisa, mara mbili ikibidi. Kama lilibeba dawa au kemikali, msilitumie hata lichomwe mara kumi. Lizikeni mpaka kiunoni, maana bati peke yake hupoteza joto na upande wa upepo hubaki mbichi. Samaki weupe wa gramu 400 hivi ndio rahisi, changu anafaa. Kwa kilo nne za samaki, kilo moja ya chumvi ya chengachenga inatosha kuwafunika. Kuni za mwembe zilizokauka ni nzuri. Mikoko iacheni pwani. Makumbi yana moshi mwingi lakini huacha masizi na uchungu, na mbao za ujenzi zilizopakwa dawa ya mchwa zisikaribie chakula.

Makosa tunayoyaona ni manne. Samaki akidondoka motoni, chumvi haikukaa muda wa kutosha na mkia umelainika ndani ya kamba. Ngozi ikiungua na nyama ikabaki mbichi mfupani, gunia limekauka na moto umepata hewa. Samaki akiwa mchungu, moto ulifunikwa kabla kuni hazijashika vizuri. Akipasuka na kumwaga maji, amepikwa kupita kiasi. Kipimo cha kuiva ni mfupa: bonyezeni penye unene, nyama ijitenge na mfupa bila damu.

Vibua na jodari wanakubali moshi vizuri mno, lakini wana hatari yao. Wakikaa juani baada ya kuvuliwa hujenga sumu inayoleta uwekundu wa uso, kuwashwa na mapigo ya moyo kwenda mbio, na sumu hiyo haiondoki kwa moto wala moshi. Wawe kwenye barafu tangu botini, au msiwaguse.

Jina la Arbroath msiliweke kwenye bango. Tangu 2004 limelindwa kisheria Ulaya kwa hadoki anayetengenezwa ndani ya kilomita 8 za mji huo. "Changu wa moshi wa Nungwi" ni jina zuri tu.

Meli ya Sultani

*Je, ni kweli meli iliyozama mbele ya Forodhani ilitoka Uskoti?* Msomaji, Shangani

Kweli. HHS Glasgow iliundwa Dumbarton, mji wa mto Clyde, na kampuni ya William Denny na Ndugu, ikashushwa majini 1878 kwa ajili ya Sultan Barghash, ambaye merikebu zake ziliharibiwa na kimbunga cha 1872. Ilizamishwa tarehe 27 Agosti 1896 katika vita vile vya chini ya saa moja baina ya Uingereza na Zanzibar, na kwa miaka mingi milingoti yake ilichomoza juu ya maji mpaka mabaki yalipovunjwa 1912. Mwanafunzi anayelinganisha utoto wa bandari mbili aanzie hapo: chombo kimoja, watoto wa Dumbarton walikiona kikizaliwa na watoto wa Unguja walicheza wakikitazama kimekufa. Karakana ya Denny ilifungwa 1963. Kwa hiyo mzee wa Dumbarton aliyezaliwa miaka ya hamsini anaweza kukumbuka kelele za riveti. Aliyezaliwa baada ya hapo anasimulia ya babaye.

Babu yangu anachanganya miaka

*Ami, nimeanza kumrekodi babu, alikuwa hamali na baadaye nahodha wa mashua hapa Mkoani. Anasimulia vizuri sana, ila miaka inagongana. Nikimuuliza mwaka, anakasirika.* Msomaji, Mkoani

Basi usimuulize mwaka, mwanangu. Mzee wa pwani anahesabu kwa pepo, mwezi na bei. Muulize: ilikuwa kaskazi au kusi? Karafuu zilikuwa zinaanikwa? Hamali alilipwa kwa gunia au kwa siku, na kwa fedha gani? Akitaja rupia kama fedha ya mkononi, uko kabla ya 1936 na huenda ni habari za babaye. Halafu fungia kwenye misumari ambayo kila mtu anayo: Mapinduzi ya 12 Januari 1964, Muungano wa 26 Aprili mwaka huohuo, kuuawa kwa Mzee Karume 7 Aprili 1972, mvua za El Nino za 1997 na 1998. "Ulikuwa umeoa?" "Mama yetu alikuwa amezaliwa?" Maswali mawili ya namna hiyo hukupa mwaka bila kumuudhi.

Bahari yenyewe ni shahidi. Bamvua huja mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na siku moja au mbili baada yake. Mwezi ukiwa na siku saba au ishirini na moja ni maji mafu. Kwetu siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne. Kwa hiyo babu akisema waliipandisha mashua mchangani kwa bamvua, wakapiga kalfati, yaani kuziba nyufa za mbao, na kupaka sifa, yale mafuta ya papa, maji yakiwa mbali asubuhi, habari inasimama. Akisema bamvua ileile iliwajaza saa sita mchana, kuna siku mbili tofauti zilizochanganyika. Usimwambie amekosea. Mwambie, "Babu, hebu nianzie tena pale mlipotia nanga," na mara nyingi atazitenganisha mwenyewe.

Upande wa chombo, simu yako inatosha. Izime mtandao isilie katikati, iweke juu ya kanga iliyokunjwa, si mezani, sentimita 30 hivi kutoka kinywani mwake. Pangaboi lizimwe, masikio yako hulisahau lakini simu huliandika lote. Baraza ni pazuri pa kuongea na pabaya pa kurekodi. Usipange karibu na adhana. Dakika 45 kwa mara moja, si zaidi, na anza kila kipande kwa kusema tarehe, mahali na jina lake. Siku hiyohiyo nakili faili kwenye kitu cha pili kisichokaa nyumba moja na simu.

Mpe kitu mkononi: kipande cha kamba, patasi ya kalfati, pishi ya kupimia karafuu. Mikono ikianza kufanya, maelezo hupangika kwa utaratibu wa kazi. Na jambo asilotaka kulisema, hasa la 1964, liache. Zima simu kwanza, halafu msikilize kama atataka.

Picha imeganda kwenye kioo

*Picha ya marehemu bibi, gatini Malindi, imeshikana na kioo cha fremu. Niitoe vipi?* Msomaji, Kikwajuni

Usiitoe. Unyevu umelainisha uso wa picha ukashika kioo, na ukivuta utabaki na karatasi nyeupe mkononi na bibi kwenye kioo. Futa kioo kwa nje kwa kitambaa kikavu. Iweke karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, bila kuwasha mwanga wa simu, shika simu sambamba nayo, na mtu akunyanyulie buibui au kitambaa cheusi nyuma yako ili usijione kwenye kioo. Piga mara kumi, chagua moja. Fremu iondoe kwenye ukuta wa nje. Nyumba za mawe ya matumbawe hupitisha unyevu. Picha nyingine ambazo bado ni huru zitie kwenye bahasha za karatasi, si mifuko ya plastiki, na majina uyaandike nyuma kwa penseli laini, kwa sababu wino wa kalamu hupenya na baada ya miaka michache hutokeza usoni mwa mtu.